Kula Singapore kwa dola tano: masoko ya vyakula yamepimwa

Singapore haifiki nusu ya Unguja kwa eneo: kilomita za mraba 735 hivi, digrii moja na kidogo kaskazini mwa ikweta, joto na unyevu mwaka mzima. Kwa pato la mtu mmoja mmoja imo katika nchi tajiri kabisa duniani, na mgeni huuhisi utajiri huo mara tu anapofungua orodha ya vyakula ya hoteli. Bei ikiandikwa na alama mbili za kujumlisha mbele yake, maana yake hujamaliza kuhesabu. Kuna asilimia 10 ya huduma, na juu yake asilimia 9 ya kodi ya mauzo. Sahani ya dola 30 huishia dola 35 na senti 97. Kwa fedha hiyo mtu mmoja anakula vizuri siku nzima, milo mitatu na vinywaji, kwenye masoko ya vyakula ambayo wenyeji huyaita hawker centre. Hayo ndiyo tunayoyapima hapa. Dola zote zilizotajwa ni za Singapore, na kwa Mkenya hesabu ni nyepesi: dola moja ni karibu shilingi 100.

Hukumu yenyewe ni hii: hakuna huduma ya Singapore inayompa msafiri thamani kubwa zaidi kwa fedha yake. Lakini masoko hayalingani. Mengine yanafaa asubuhi tu, mengine usiku tu, na moja au mawili mgeni anaweza kuyapita bila kupoteza kitu. Tena yana taratibu zake, na hakuna atakayekaa kukueleza.

Chukua mama lishe 100, kila mmoja na chakula kimoja au viwili anavyovijua tangu ujana. Wape paa moja refu, maji ya bomba, umeme, mifereji ya maji machafu, meza za pamoja zilizofungwa sakafuni, na mkaguzi wa afya anayekuja bila hodi. Hilo ndilo soko la vyakula. Watu hawa zamani walipikia barabarani. Kati ya 1971 na 1986 serikali iliwahamishia kwenye majengo haya, na leo yapo zaidi ya 110 kisiwani. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huu katika orodha ya urithi usioshikika. Sababu ya bei kubaki chini ni kwamba majengo mengi ni ya umma, na baadhi ya wapishi wa zamani wanalipa kodi nafuu ya tangu walipohamishwa. Sababu ya ladha ni nyingine: mtu anayepika kitu kimoja kwa miaka 30 hana pa kujificha. Wengi wao sasa ni wazee, na watoto wao wamekwenda maofisini, kwa hiyo baadhi ya vibanda vinavyosifiwa leo havina mrithi.

Namna ya kukaa, kuagiza na kuondoka

Kwanza meza, halafu chakula. Saa 6 hadi saa 8 mchana wafanyakazi wa maofisini hujaza kila kiti, na aliyenunua kabla ya kutafuta pa kukaa atasimama na bakuli la moto mkononi. Ukiona pakiti ya tishu, mwavuli au kitambulisho cha kazi juu ya meza iliyo tupu, meza hiyo ina mwenyewe. Si kitu kilichosahaulika, usikisogeze. Wewe pia weka pakiti yako, lakini usiweke simu wala pochi. Kukaa na watu usiowajua ni kawaida: unaonyesha kiti kwa mkono, wanaitikia kwa kichwa, basi. Soma namba iliyobandikwa juu ya meza, kwa sababu vibanda vingine hukuletea chakula na vingine hutaka ukachukue mwenyewe. Kibao kilichoandikwa Self Service kinamaanisha hilo la pili.

Kuhusu malipo, beba noti ndogo za dola 2, 5 na 10. Wenyeji wengi hulipa kwa kupiga picha mchoro wa msimbo kwa simu, mfumo uliofungamana na benki za huko, na kadi ya Visa ya benki yetu haikubaliki kwenye vibanda vingi. Noti ya dola 50 saa 1 asubuhi humkwamisha mpishi ambaye bado hajauza sahani kumi. Sarafu za senti 10 na 20 zihifadhi kwa ajili ya choo, maana masoko kadhaa hutoza kiasi hicho mlangoni. Tishu hazitolewi bure popote. Ukibeba chakula kwenda nacho, sema bungkus kwa Kimalei au dabao kwa Kichina. Mara nyingi utaongezewa senti 20 au 30 za chombo.

Ukimaliza, trei yako na vyombo unavirudisha mwenyewe kwenye rafu. Tangu Septemba 2021 hili ni sharti la kisheria: mara ya kwanza onyo la maandishi, mara ya pili faini ya dola 300. Rafu ni mbili, moja ya vyombo vya halali na moja ya visivyo vya halali, na zimeandikwa. Wageni wengi hukosea hapo, na kosa hilo linawaumiza Waislamu wanaotegemea utengano huo, kwa hiyo soma kibao kabla ya kuweka. Usiiache sahani bila mtu hata dakika moja. Njiwa na kwezi waliozoea watu hutua juu ya chakula mara tu kiti kinapobaki kitupu.

Hakuna kiyoyozi, kuna mapanga ya feni tu. Vaa pamba nyepesi. Meza za pembeni hupata upepo na pia hupata mvua, hasa kuanzia Novemba hadi Januari.

Halali

Hapa ndipo msafiri wa pwani yetu anapohitaji uangalifu, na hapa ndipo maelezo mengi ya watalii yanapopotosha. Cheti kinachotambulika ni cha MUIS, baraza la Waislamu la nchi hiyo. Kina nembo ya kijani na hutundikwa mbele ya kibanda. Lipo pia kundi la vibanda vya Waislamu ambavyo havijachukua cheti. Mwenye kibanda huandika tu kuwa ni Mwislamu, na kula hapo ni uamuzi wako. Lakini kibao kinachosema hakuna nyama ya nguruwe wala mafuta yake si cheti cha halali. Kinakuambia kilichokosekana ndani ya sufuria, hakikuambii kuku alichinjwaje wala kama divai ya kupikia imo.

Mafuta ya nguruwe ndiyo yanayowanasa watu wasiokula nguruwe. Tambi bapa za kukaanga ziitwazo char kway teow na tambi za Hokkien zenye kamba na ngisi huonekana kama chakula cha baharini, kumbe ladha yake hujengwa kwa vipande vya mafuta hayo. Wali wa kuku wa Hainan wa vibanda vya Wachina nao si halali. Ukiutaka, utafute kibanda cha Wamalei kilichoandikwa nasi ayam chenye cheti: wali ni uleule wa supu ya kuku, ingawa kuku mara nyingi hukaangwa badala ya kuchemshwa.

Herufi ya usafi iliyobandikwa karibu na leseni ni jambo jingine kabisa. Inahusu mpangilio wa jiko na rekodi ya kibanda, na A ndiyo ya juu. Haisemi lolote kuhusu ladha, wala kuhusu halali.

Tekka: anzia hapa

Kama una mlo mmoja tu, ule Tekka Centre, mtaa wa Little India. Ukishuka kituo cha treni cha Little India, mlango wa C hukutoa karibu kabisa na soko. Chini kuna vibanda vya chakula na soko la samaki, nyama na mboga. Juu kuna nguo na mafundi cherehani. Harufu ya bizari, iliki na mafuta ya samli itakupokea kabla hujaingia, na Mmombasa au Mzanzibari hatahitaji kuelezwa chochote.

Kula biriani. Vibanda kadhaa hupika kwa dam: nyama na wali wa basmati hupangwa tabaka katika sufuria lililozibwa, mvuke ukamalizia kazi. Allauddin's ndicho maarufu, na foleni yake ya mchana husogea haraka kwa sababu hakuna kinachopikwa kwa kuagizwa, ni kupakua tu. Sahani ya kondoo ni kati ya dola 6 na 9. Tofauti na biriani ya kwetu, ambapo wali na masala hukutana sahanini, hapa wali wenyewe umeshabeba mchuzi, na rojo la pembeni huja kidogo. Omba liongezwe, hawakatai. Fika kabla ya saa 7 mchana. Baada ya saa 8 unapewa wali wa juu ya sufuria uliokauka na nyama iliyobaki ni mifupa.

Asubuhi kula prata. Ni chapati ya kusukwa, lakini haisukumwi kwa mpini: mpishi huurusha unga wenye mafuta hewani mpaka unakuwa mwembamba kama shuka, huukunja, kisha huuweka juu ya bapa la chuma. Nje iwe inavunjika, ndani iwe na tabaka laini. Prata mbaya utaijua kwa macho, imerundikwa baridi ikingoja kupashwa moto. Subiri utengenezewe mpya. Kosong ni tupu, telur ni ya yai. Tupu ni kati ya dola 1 na senti 20 na dola 2, na huja na bakuli la mchuzi.

Kasoro ya Tekka ni umati na kelele za wikendi, na sakafu ya upande wa samaki huwa na maji, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza. Upande mmoja wa vibanda ni wa Wachina na si halali; angalia cheti kabla ya kufuata pua.

Wali wa nazi wa Adam Road

Nasi lemak ni wali wa nazi. Hakuna tafsiri nyingine inayohitajika. Unapikwa kwa tui pamoja na majani ya pandani, jamaa wa mkadi, yanayotoa harufu tamu. Pembeni huwekwa dagaa wakavu waliokaangwa na karanga, yai, matango, na kijiko kikubwa cha sambal: pilipili zilizosagwa, vitunguu, ukwaju na uduvi uliochachushwa, vikakaangwa taratibu mpaka mafuta yatengane. Kuku wa kukaanga au samaki ni nyongeza.

Soko dogo la Adam Road, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka kituo cha Botanic Gardens, ndilo linalosifiwa zaidi kwa chakula hiki, na sifa ni ya haki. Wali uwe punje moja moja lakini unang'aa. Ukiwa bokoboko, tui limezidi au wali umekaa kwenye chombo cha joto tangu alfajiri. Wapishi wa hapa wanatumia mchele mrefu, na ndiyo maana hawakosei kirahisi. Dagaa lazima wavunjike mdomoni. Wakiwa laini wamepigwa na unyevu. Sambal ya huko ni tamu kuliko mtu wa Tanga anavyotarajia, na ukali wake huja nyuma. Usiimwage yote juu ya wali mara moja. Dola 5 hadi 8 zinatosha. Nenda asubuhi, na epuka Jumamosi na Jumapili kama hupendi kupanga foleni.

Maxwell na foleni zake

Soko la Maxwell liko Chinatown, na tangu Novemba 2022 lina kituo chake cha treni kinachoitwa Maxwell, umetoka tu umefika. Hapa ndipo kilipo Tian Tian, kibanda cha wali wa kuku kinachojulikana dunia nzima. Kwa asiyefungwa na sharti la halali, ni chakula cha kujifunza kwacho. Kuku hachemshwi kwa maji yanayotokota. Huzamishwa katika maji ya moto yaliyo chini kidogo ya kuchemka mpaka nyama iive bila kukakamaa, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya barafu. Barafu ndiyo inayofanya ngozi iwe laini yenye utelezi kama jeli. Mchele hukaangwa kwanza kwa mafuta ya kuku, kitunguu saumu na tangawizi, ndipo unapopikwa kwa supu ileile. Mfupa ukiwa na wekundu kidogo, ndivyo ulivyokusudiwa. Asiyependa aombe paja la kuku wa kuokwa kwenye kibanda kingine.

Je, foleni ya dakika 40 inastahili? Hapana. Wali wao ni bora, tunakubali, lakini vibanda vya jirani vinapika kwa kanuni ileile, na tofauti haifikii dakika 40 za jua. Nenda saa 4 na nusu asubuhi au saa 9 alasiri, au ule kwa jirani bila majuto. Tian Tian hufunga Jumatatu. Mwislamu hana sababu kubwa ya kuja Maxwell, vibanda vya halali hapa ni vichache mno. Karibu na hapo, Chinatown Complex ndilo soko kubwa kuliko yote, vibanda zaidi ya 200 ghorofani. Kimoja chake kilipata nyota ya Michelin, tuzo ya mwongozo wa mikahawa, mwaka 2016 kwa kuku wa sosi ya soya aliyeuzwa dola mbili tu, kisha kikaipoteza 2021. Sehemu kubwa ya vibanda hapo hupika nguruwe.

Lau Pa Sat: jioni tu

Jengo ni zuri kuliko masoko yote. Ni pembe nane za chuma cha kalibu kilichotoka Scotland, lilikamilika 1894, na lina mnara wa saa katikati ya maghorofa ya mabenki. Mchana usile hapa. Bei iko juu kidogo na vibanda vingi ni vya kampuni, si vya mpishi mmoja na sufuria lake. Saa 1 jioni mambo hubadilika. Barabara ya Boon Tat iliyo kando hufungwa, meza hutandazwa juu ya lami, na mishkaki ya satay huanza kuchomwa juu ya mkaa.

Satay ni ndogo kuliko mshikaki wa Forodhani au wa Dar, na nyama yake imelala kwenye manjano, mchaichai na sukari. Sukari ndiyo fumbo lake. Huungua haraka, kwa hiyo mchomaji hageuki kuongea. Hupepea, hugeuza na kupaka mafuta kwa bua la mchaichai lililopondwa. Iliyoungua mpaka kuwa chungu ni dalili ya kibanda kilichozidiwa na wateja. Hununui mmoja mmoja, vibanda vingi vinaanzia vijiti kumi, karibu dola 8 hadi 10. Huja na rojo la karanga, vitunguu vibichi, matango na vipande vya wali uliobanwa. Wapiga debe watakufuata na orodha za seti kubwa zenye kamba wakubwa; seti hizo ndizo zinazopandisha bili. Agiza kuku na kondoo, hesabu vijiti vikifika, lipa. Angalia cheti cha kila kibanda, usiamini kwamba barabara nzima ni sawa.

Ukifika mapema, tembea robo saa mpaka makumbusho ya Asian Civilisations. Humo mna shehena ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung katika karne ya 9 likiwa limebeba vyombo vya udongo vya China. Jahazi lenyewe lilijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba bila misumari, kama mtepe wetu, na baadhi ya mbao zake ni za mti wa Afrika. Kwa anayetoka Lamu au Bagamoyo, hicho si kitu cha kupita.

Geylang Serai na Kampong Glam

Geylang Serai ni soko la Wamalei, dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha Paya Lebar, na ndilo lenye vibanda vingi vya Waislamu mahali pamoja. Vitamu ndivyo vya kufuata: ondeh-ondeh, vidonge vya unga wa mchele wenye sukari ya mnazi ndani vilivyoviringishwa kwenye nazi iliyokunwa, na putu piring, vikeki vya unga wa mchele vinavyopikwa kwa mvuke. Ndizi za kukaanga za pisang goreng ziko kama za nyumbani, ila zimevikwa unga mwepesi zaidi. Mwezi wa Ramadhani mtaa wote huwaka taa na hugeuka gulio la usiku, lakini mchana vibanda vingi hufunga, na siku za Idi usitarajie kitu.

Kampong Glam, karibu na kituo cha Bugis, si soko la vyakula kwa maana kamili, ila Msikiti wa Sultan uko hapo na ng'ambo ya barabara ya North Bridge kuna Zam Zam, mkahawa unaopika murtabak tangu 1908. Murtabak ni ile ile mantabali ya Unguja: chapati nyembamba, nyama ya kusaga, yai na vitunguu, inakunjwa na kukaangwa. Chagua ndogo kwa mtu mmoja. Kubwa inatosha watatu na ikipoa hulegea. Kando ya msikiti kuna mtaa uitwao Muscat Street, na familia za Kihadhrami zilizojenga mitaa hii, akina Alsagoff, Aljunied na Alkaff, zilitoka Hadhramaut ileile iliyoleta masharifu wa Lamu na Unguja. Tazama chini ya kuba la msikiti: ule mkanda mweusi unaometa ni matako ya chupa, yaliyotolewa na Waislamu maskini ili nao wawe na sehemu katika ujenzi.

Newton, kaskazini kidogo ya mjini, ndilo soko tunalosema mgeni anaweza kuliacha. Chakula si kibaya. Samaki taa wa kuchomwa juu ya jani la mgomba, akapakwa sambal, ni mtamu kweli. Tatizo ni ununuzi wa kaa na kamba kwa uzito. Kibao kikisema bei ni ya siku, uliza mambo matatu kabla hawajawasha jiko: bei kwa gramu 100, uzito wa huyu unayeonyeshwa, na jumla kwa dola. Ukijibiwa kwa maneno ya jumla jumla, nenda kibanda kingine.

Kinywaji kina lugha yake

Kahawa ya huko ni robusta, jamii ya ile ya Bukoba na Uganda, iliyokaangwa na sukari na siagi mpaka kuwa nyeusi tii, kisha ikachujwa kwa mfuko wa kitambaa. Ukisema kopi peke yake unapata yenye maziwa mazito matamu ya kopo. Kopi-o ni nyeusi yenye sukari. Kopi-c ina maziwa ya kopo yasiyo matamu, pamoja na sukari. Ongeza kosong kuondoa sukari, siew dai kuipunguza, gau kwa kali, peng kwa barafu. Kwa chai, weka teh mahali pa kopi. Mwenye kisukari ashike maneno mawili tu: kopi-o kosong. Bei ni kati ya dola 1 na senti 20 na dola 2. Teh tarik ni chai ya maziwa inayomiminwa toka juu kutoka chombo hadi chombo mpaka ipate povu, na hununuliwa kwa vibanda vya Wahindi. Juisi ya miwa yenye limau inafaa kuliko soda yoyote katika joto lile.

Msemaji wa Kiswahili ana msaada ambao hakuutarajia. Kwa Kimalei meza ni meja, nanasi ni nanas, karatasi ni kertas, limau ni limau, na salamu ni apa khabar. Yaliyobaki ya kujifunza ni machache: ayam kuku, kambing mbuzi au kondoo, ikan samaki, pedas kali. Shokishoki na doriani zinauzwa kwa msimu, ila doriani hairuhusiwi ndani ya treni.

Kufika na kuzunguka

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania hawahitaji viza kwa ziara fupi, ila jaza kadi ya kuingia ya SG Arrival Card ndani ya siku tatu kabla ya kuwasili. Ni bure, tovuti inayokudai fedha si ya serikali. Atokaye Kenya, Uganda, Burundi au Kongo abebe cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Bila cheti unaweza kuwekwa karantini.

Kutoka uwanja wa Changi, treni inaanzia chini ya jengo la 2 na la 3. Unabadilisha Tanah Merah kuelekea mjini. Ya mwisho huondoka baada ya saa 5 usiku kidogo. Kadi ya benki ya kugusa inapita kwenye geti, kwa nyongeza ya senti 60 kwa siku kama imetolewa nje ya nchi. Kadi ya usafiri ya huko ina dola 5 zisizorudishwa, kwa hiyo kwa ziara isiyozidi siku 8 kadi ya benki ni nafuu, ukiacha makato ya benki yako. Kila mtu na kadi yake. Kwenye basi gusa pia unaposhuka, usipogusa unakatwa nauli ya safari yote. Na bungkus yako isifunguliwe ndani ya treni: faini ya kula au kunywa humo, hata maji, inafika dola 500.

Jambo la mwisho ni ratiba. Kila soko hufungwa siku kadhaa mara nne hivi kwa mwaka kwa usafi mkubwa, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, na mengine hufungwa miezi kwa ukarabati. Tarehe hutangazwa na NEA, idara ya mazingira, na zinasomeka kwenye tovuti yake. Wakati wa mwaka mpya wa Kichina vibanda vingi vya Wachina hulala kwa siku kadhaa. Saa za huko ziko tano mbele ya Afrika Mashariki, na jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, si saa 12. Anayefuata jua kutafuta chai atakuta prata za mwanzo zimeshaliwa.